Chumvi ya Kumpima Jini

Binti aliyekuwa akiuza mayai ya kuchemsha stendi ya Makambako hakuniona niliposimama mbele yake. Macho yalikuwa kwenye simu, na kidole gumba kilikuwa kikisukuma maneno juu polepole, kama mtu anayesoma kitu asichotaka kiishe. Nilipokohoa alishtuka, akanipa yai na kijikaratasi cha chumvi.

"Samahani mama. Hapa jini ndiyo anamwambia dada wa watu kwamba yeye siyo binadamu."

"Amechelewa," nikamwambia. "Hayo huwa yanasemwa kabla ya mapenzi kukolea."

"Tena ameshamjengea nyumba Masaki."

"Jini gani huyo mwenye hati ya kiwanja?"

Alicheka mpaka akaweka ndoo chini. "Kumbe na wewe unazisoma, mama."

Ninazisoma. Nimezisoma katika miji mingi kuliko ninavyoweza kueleza, kwa sababu mimi ni mtu wa kuhama. Nimeuza mitumba Tunduma, nimepika kwenye kambi za watengeneza barabara, nimekaa Songea, Ifakara, Kyela, na kila nilikopanga chumba nilikuta mtu mwenye hadithi ya jini na mpenzi wake. Zamani zilikuwa kwenye magazeti, sasa ziko kwenye makundi ya simu. Zamani mpenzi alikuwa jini wa baharini, siku hizi anaweza kuwa mnyonya damu mwenye kampuni, au kijana anayegeuka mbwa mwitu mwezi ukijaa juu ya maghorofa ya Posta. Sina ugomvi na hayo. Mwandishi akitaka mbwa mwitu apande lifti, na apande.

Ugomvi wangu ni mwingine, na ninauleta kwenu ninyi wa rika langu, tuliokua tukisoma kwa mwanga wa koroboi na kuambiwa tutaharibu macho. Katika hadithi zote hizo, mpenzi anaingia kupitia ukutani, anamchukua dada, na sisi tunashangilia. Hakuna hata moja niliyosoma inayomtaja aliyebaki nyumbani. Ukuta ukishafumba, nani alilala upande wa kitanda uliobaki baridi? Mwandishi hasemi. Ameshakwenda na wapenzi wake.

Siku ile stendi nilikuwa nikisubiri gari la kunipeleka Njombe, niunganishe mpaka Mlangali, kuhani msiba. Aliyefariki alikuwa mume wa mama yangu mdogo. Nilikula yai langu, nikabaki na kijikaratasi cha chumvi mkononi, na chumvi ile ikanirudisha nyumbani kwa bibi, Njombe, mahali ambapo nilimjua jini kwa mara ya kwanza.

Mama yangu mzazi aliolewa Lupingu, kule ziwani, nikiwa sijaanza shule. Mwanamke haendi kwenye ndoa na mtoto wa nje, ndivyo walivyosema, kwa hiyo nikabaki kwa bibi. Kwangu mimi ndoa ilikuwa na maana moja tu: barabara ya Ludewa. Mwanamke akiolewa anapakiwa na godoro lake, gari linashuka na barabara ile, harudi. Aliyenilea ni mdogo wake mama, jina lake Leokadia. Nililala naye kitanda kimoja, miguu yangu nikiibana katikati ya miguu yake, maana baridi ya kwetu mwezi wa sita na wa saba haina adabu. Yeye ndiye aliyenisuka, ndiye aliyenitetea kwa walimu, na ndiye aliyenifundisha kusoma vizuri, kwa vile hakupenda kusoma peke yake.

Tulichosoma kilitoka dukani. Mwenye duka alikuwa akinunua magazeti ya zamani kwa kilo kutoka Makambako, yakishushwa na madereva wa malori, na humo alifungia sukari, dagaa na chumvi. Ukinunua chumvi unapewa na ukurasa. Mama mdogo alikuwa akimimina chumvi kwenye kopo, anapangusa karatasi, anainyoosha kwa pasi ya mkaa, anaiweka chini ya godoro. Zilikuwa hadithi za majini waliopenda wasichana wa Dar es Salaam. Hatukuwahi kuzipata kwa mpangilio. Tulijua msichana amelia kabla ya kujua kilichomliza. Tulimzika mtu wiki hii, na mwezi uliofuata, shukrani kwa robo kilo ya sukari, tukahudhuria harusi yake.

"Sasa hapa katikati kulitokea nini?" nilikuwa namuuliza.

"Kajaze wewe," alikuwa akijibu. "Kichwa ulichopewa si cha kubebea kuni tu."

Nikawa najaza. Na kwa kuwa sikuwahi kuona bahari wala Dar es Salaam, nilijaza kwa vitu vya Njombe. Jini wangu alikaa kwenye mianzi nyuma ya kanisa.

Kutokana na kurasa zile nilijifunza dalili za jini, nikazishika kama nilivyoshika katekisimu. Mikono ya jini ni ya baridi. Jini hana kivuli. Kabla hajafika, harufu nzuri inatangulia. Miguu yake huificha, kwa sababu ni kwato. Jini haoi, huja kwa mpenzi wake, hukaa kidogo, hurudi kwao. Na jini hali chumvi. Chumvi ikigusa ulimi wake, anatoweka hapo hapo, hata kama alikuwa katikati ya neno.

Waandishi wale walikuwa watu wa pwani, na dalili zao walizitunga huko kwenye jua. Hawakufikiria kwamba ukurasa wao ungefika mahali ambapo mwezi wa saba kila mtu ana mikono ya baridi, kuanzia padre mpaka kichanga. Hawakujua kuna mji ambao ukungu unashuka asubuhi na kukaa mpaka wanafunzi wanatoka mapumziko, na katika ukungu ule hakuna mtu mwenye kivuli, hata ng'ombe hana. Hawakujua kwamba sisi tunashinda ndani ya mabuti ya mpira kwa ajili ya tope, na kwamba unaweza kumjua mtu miaka mingi bila kuona kidole chake cha mguu.

Kwa hiyo Festo alipotokea, nilimtambua mara moja.

Alitoka kwenye ukungu, kwenye njia ya mashamba ya viazi, mimi na mama mdogo tukirudi kutoka kisimani. Alikuwa kijana mrefu, mnunuzi wa maharage, akiyatoa kwao Mlangali na kuyapeleka Makambako. Harufu ilitangulia, ya waridi, maana alipaka mafuta ya nywele ambayo wanaume wa kwetu wakati ule hawakuyapaka. Wanaume wa kwetu walinukia moshi.

"Kamwene," alitusalimu.

"Kamwene," mama mdogo akajibu, na sauti yake ilibadilika kidogo, ikawa kama ya mtu aliyebeba kitu kilichojaa pomoni.

Akanipa mkono na mimi. Ulikuwa baridi kama mpini wa jembe lililolala nje. Nikatazama chini: hakuna kivuli. Nikatazama miguu: mabuti mpaka magotini.

Baada ya hapo alikuja mara kwa mara, siku zote asubuhi, siku zote kwenye ukungu. Mama mdogo alianza kupaka mafuta miguuni kabla ya kwenda kisimani, na ndoo zikawa zinachukua muda mrefu kujaa. Siku moja tukichambua maharage jikoni, nikamuuliza.

"Mama mdogo, yule Festo ni jini?"

Alikuwa karibu kucheka. Nakumbuka mdomo wake ulivyoanza. Kisha akanitazama, akaona nilivyomkazia macho, na kicheko akakimeza.

"Umejuaje?"

Nikamhesabia dalili, moja baada ya nyingine. Alisikiliza kwa utulivu, huku mikono yake ikiendelea kutoa mawe kwenye maharage.

"Usimwambie mtu," alisema mwishowe. "Wala bibi. Ukisema, nitapata matatizo."

"Kwa hiyo hawezi kukuoa?"

"Wewe umeona wapi jini akioa?"

"Na hutaenda naye?"

"Niende wapi, mwanangu? Mimi ni wa hapa."

Nililala vizuri usiku ule. Watoto wengine wangeogopa, mimi nilifurahi. Binadamu wangemchukua na kumshusha kwa barabara ya Ludewa kama walivyomshusha mama yangu. Jini hana gari la kupakia godoro, hana mama mkwe anayehitaji mtu wa kumchotea maji. Mama mdogo alikuwa amepata mpenzi wa aina pekee ambaye asingemnyang'anya kwangu, na nilimshukuru Mungu, nikijua fika kwamba hiyo haikuwa sala ya kumweleza padre.

Siri ile niliitunza mpaka ikanikondesha. Bibi aliponiuliza kwa nini nakula kidogo, nilisema jino. Wenzangu shuleni walipomtaja Festo, kwamba yule wa maharage anazunguka sana kwenu, nilisema hakuna mtu wa jina hilo. Nilipigana na msichana mmoja wa darasa la tano kwa ajili hiyo. Nilirudi na sketi imechanika, mama mdogo akaishona bila kuuliza, na nilijiona kama askari.

Mvua zilipoanza, mianzi ikaanza kutoa ulanzi, pombe yetu ya utomvu wake, na nyumbani kukaanza mambo. Bibi alipaka kuta udongo mweupe. Mjomba alikuja kutoka Makambako na kilo za mchele. Mbuzi mmoja alifungwa nyuma ya jiko.

"Kuna nini, bibi?"

"Wageni wa kanisani."

Niliamini. Bibi yangu hakuwa mtu wa kudanganya, alikuwa akimrudishia mwenye duka chenji ikizidi.

Wageni walifika Jumamosi, mchana, mvua ikinyesha nyembamba. Walikuwa wazee wanne wa makoti, wote wenye mwendo wa watu waliotoka mbali, na nyuma yao akaja Festo. Wakavua mabuti mlangoni. Nilijipenyeza mbele nione kwato. Alikuwa amevaa soksi nene za sufu, moja imetoboka, na kwenye tundu kulionekana kitu ambacho kingeweza kuwa kidole, au kisiwe.

Hapo ndipo hofu ilipoanza kuniingia. Jini gani huyu anayekuja mchana, na wazee? Nikamfuata mama mdogo jikoni. Alikuwa amevaa kitenge kipya, na hakunitazama usoni.

"Amekuja kufanya nini?"

"Kusalimia."

"Jini husalimia na wazee?"

"Wewe mtoto, leta vikombe."

Sasa lazima niwaeleze desturi ya ukoo wetu. Siku ya posa, ulanzi wa wageni hunywewa kutoka chombo kimoja kinachozungushwa, lakini mchumba hupewa kikombe chake peke yake, na msichana ndiye anayekipeleka, kwa magoti. Kabla ya kumpa, anaonja yeye, mbele ya wote, kuonyesha kwamba ndani hakuna ubaya. Mchumba akipokea kwa mikono miwili na kukimaliza, neno limekwisha. Akitema, au akikirudisha kina kitu, wazee huchukua makoti yao. Kikombe kikikataliwa, ni mtu aliyekataliwa. Haya nilikuja kuyaelewa baadaye. Siku ile nilijua tu kwamba kikombe cha kijani cha bati kilikuwa cha Festo, na kwamba nimetumwa kukijaza.

Kopo la chumvi lilikuwa rafuni. Sikutaka kumdhuru. Nilitaka kuwa na hakika. Kama kweli alikuwa jini, angetoweka, mama mdogo angelia siku mbili, na kisha angekuja jini mwingine kwenye ukungu, kama ilivyo kawaida yao. Nilichota konzi, nikatia, nikakoroga kwa kidole. Povu likapanda, likatulia. Nikampelekea mama mdogo, naye akakichukua.

Nilisimama karibu na nguzo ya mlango. Mama mdogo akapiga magoti. Akanyanyua kikombe, kikagusa midomo yake. Nilimwangalia sana. Uso wake haukufanya lolote, kwa hiyo nilijua kwamba alijifanya tu kuonja, jinsi watu wanavyojifanya kuimba kanisani. Akampa Festo. Festo akapokea kwa mikono miwili.

Akanywa. Nilitazama shingo yake ikipanda na kushuka. Mara moja alisimama, akavuta pumzi kwa pua, macho yakaloa kidogo, na moyo wangu ukaruka kwa furaha, nikasema sasa, sasa anakwenda. Aliinamisha tena kikombe. Alikunywa mpaka kilipokuwa mdomo chini, kitako juu, akakitikisa kuwaonyesha wazee kwamba hakuna kilichobaki.

Alikuwa bado yupo. Soksi iliyotoboka, mafuta ya waridi, yote yapo. Mwanamume mtu mzima aliyekula chumvi.

Wazee wakapiga makofi ya mdundo, bibi akapiga kigelegele, na katika sauti ile nilielewa mambo yote kwa pamoja. Huyu ni mtu. Watu huoa. Kuna gari mahali fulani. Bibi alijua, mjomba alijua, mwenye duka alijua, msichana wa darasa la tano alijua. Katika nyumba nzima nilikuwa mimi peke yangu niliyekuwa nikilinda siri, na siri yenyewe ilitungwa kwa ajili yangu, kama sanamu ya matambara anayopewa mtoto ili watu wazima wafanye kazi zao.

Mama mdogo aliondoka baada ya mavuno ya kwanza ya viazi. Godoro lilipakiwa, lile lile, na kurasa zetu zikaanguka chini, zikatapakaa uani. Alishuka garini kunikumbatia.

"Nitakuja kukuchukua," alisema.

Nilikuwa nimeshasoma vya kutosha kumjua anayesema hivyo. Hakuja. Akapata watoto wake, maharage yakawa na bei mbaya, barabara ikawa mbovu. Sababu zilikuwepo, nzuri zote. Bibi alifungia mbegu kwenye zile kurasa, na mimi nilipomaliza kidato cha nne nikapanda gari, nikaendelea kupanda.

Mlangali nilimkuta amekaa kwenye mkeka, msiba una siku kadhaa, watu wamepungua. Amekuwa mdogo, na nywele nyeupe chini ya kitambaa. Mlangoni kulikuwa na mabuti ya mpira ya mwanamume, yamesafishwa. Tulilia kama inavyotakiwa. Baadaye mjukuu wake akaleta ulanzi wa asubuhi ile, ambao haujakaza kuwa mkali.

"Festo alikuwa akikutaja sana," alisema. "Kila ulanzi ukianza, anasema mwite yule wa chumvi aje anywe."

"Alijua?"

"Angeachaje kujua? Ilikuwa konzi nzima. Aliharisha njia nzima ya kurudi, wazee wanasimamisha gari." Akacheka, kisha akafuta macho. "Hakukukasirikia. Alisema mtoto anayenipima hivi, nyumba yao ina mapenzi."

Kisha nikasema, "Na wewe ulijifanya kuonja."

"Nani alikwambia? Niliionja. Nilimeza."

Mvua ilikuwa imeanza juu ya bati. Nilimtazama mwanamke huyu, na picha ya uso wake siku ya posa, niliyoibeba mji hadi mji, ikageuka mkononi mwangu.

"Kwa hiyo ulijua ninachouliza."

"Nilijua, mwanangu. Wewe na mimi ndio tuliosoma zile karatasi." Alichezea ncha ya mkeka. "Nilisema moyoni, akitema, basi. Nabaki na mtoto."

Angeishia hapo ningetosheka. Ningepanda gari la Makambako kesho yake na hadithi iliyokamilika, yenye kipande cha katikati. Lakini mimi ndiye niliyefundishwa naye kuuliza.

"Uliomba ateme?"

Niliona mdomo wake ukianza kitu na kukiacha, kama siku ile ya maharage.

"Nikudanganye tena?" alisema. "Niliomba amalize."

Akamimina ulanzi kwenye kikombe. Akaonja, kama inavyotakiwa, akaninyooshea kwa mikono yake miwili. Nilikiangalia muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu, mpaka mjukuu akageuka kututazama. Kikombe kikikataliwa ni mtu aliyekataliwa, na pale palikuwa msibani.

Nikapokea, nikanywa mpaka chini. Ulikuwa mtamu, hauna kitu ndani yake, na kila funda nilitafuta chumvi.